Somo: Kutafuta fulu na ngege walio hatarini na kuwazalisha nyumbani

Nenda ufuo wowote hapa Kisumu uulizie fulu, utaletewa ndoo nzima. Makosa mengi huanzia hapo. Fulu ni jina moja la jamii ya samaki wadogo iliyokuwa na aina zaidi ya 500 katika Ziwa Victoria. Mbuta (sangara), samaki mkubwa anayekula wengine, aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akafurika miaka ya 1980, na takriban aina 200 za fulu zikatoweka. Kwa hiyo usitafute fulu tu, tafuta fulu yupi, wa maji gani.

Hatua ya 1: Chagua samaki kulingana na nafasi yako. Ngege halisi, tilapia aitwaye Oreochromis esculentus, yuko hatarini kabisa kutoweka, lakini hukua mkubwa. Huyo ni wa kidimbwi, si wa tangi la kioo. Mwenye tangi la lita 200 sebuleni aanze na fulu mdogo kama Xystichromis phytophagus, mla mimea ambaye bado yupo Ziwa Kanyaboli, Siaya. Kanyaboli imezungukwa na mafunjo ya kinamasi cha Yala na mbuta hajaingia, ndiyo maana ngege na fulu kadhaa walibaki huko.

Hatua ya 2: Ruhusa kwanza, wavu baadaye. Kanyaboli ni eneo la hifadhi. Anza kwa afisa wa uvuvi wa kaunti, kisha uongee na kamati ya ufuo. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, hapa Kisumu wanaweza kukusaidia kutambua aina. Wapelekee picha safi ya ubavuni, mapezi yakiwa yamefunguka. Pia waulize wafugaji wenzako kabla ya kwenda ziwani. Samaki aliyezaliwa kwenye tangi, mwenye asili inayojulikana, ni bora kuliko kumtoa mwingine majini.

Hatua ya 3: Andika asili yake. Mahali, tarehe, nani alimvua. Mimi nilipuuza hili. Nilichanganya fulu wa sehemu mbili tofauti kwenye tangi moja kwa sababu majike yao yalifanana, yote ya kijivu. Vifaranga walipokua nikaona wana milia ya huku na rangi ya kule. Hao si aina yoyote tena, na kazi ya miezi minane ilipotea. Bado inaniuma. Tangi moja, aina moja, asili moja.

Hatua ya 4: Usafiri. Usiwalishe siku moja kabla. Mfuko uwe na theluthi moja ya maji, zilizobaki hewa, ndani ya kasha lisilopitisha joto. Ukifika, acha mfuko uelee kwenye maji ya tangi nusu saa kabla ya kuwafungua, kisha wakae peke yao wiki tatu ukiwachunguza kama wana ugonjwa.

Hatua ya 5: Tangi na uzazi. Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi siku mbili, au tumia dawa ya kuiondoa. Chujio la sponji lifanye kazi wiki nne hadi sita kabla ya kuweka kundi zima, ili bakteria wa kula amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, wajijenge. Joto liwe nyuzi 24 hadi 26. Dume mmoja kwa majike matano, na mawe au vyungu vya kujificha. Mboga ya sukuma iliyochovywa kwenye maji moto wanaipenda.

Jike wa fulu hubeba mayai mdomoni. Utamjua: kidevu kimevimba, hali chakula, anatafunatafuna bila kitu. Mwache atulie. Kwenye siku ya kumi na nne hivi mhamishie tangi dogo lenye giza kidogo. Siku atakapowatema utaona vifaranga wakirudi mbio mdomoni ukipitisha mkono juu ya maji. Walishe omena aliyesagwa laini kabisa, kidogo kidogo.

Maswali ya wanachama

*Niko Nakuru. Naweza kuchukua samaki wa Ziwa Nakuru?*
Hapana, ndugu. Hiyo ni mbuga ya taifa. Isitoshe, yule tilapia mdogo wa huko aliletwa kutoka Ziwa Magadi, na amezoea maji ya magadi. Hafai kwa kazi hii.

*Nikipata vifaranga wengi, niwarudishe ziwani?*
Tafadhali usithubutu, wala mtoni, wala kwenye mtaro. Unaweza kupeleka ugonjwa au damu iliyochanganyika. Wape wafugaji wenzako pamoja na maandishi ya asili. Kurudisha samaki majini ni kazi ya watafiti.

*Madume wangu wote wamefifia, hawana rangi.*
Mara nyingi dume mmoja hutawala, wengine hujifanya majike kwa kuogopa. Ongeza mawe na majike. Angalia pia mwanga: ziwani maji yakichafuka majike hushindwa kuona rangi za madume, na aina huanza kuchanganyika.

*Huku kwetu Kakamega stima hupotea hata kwa muda wa saa sita. Itakuwaje?*
Nunua pampu ndogo ya betri, na usijaze samaki tangini. Ukikosa pampu, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu kila dakika kumi, na usiwape chakula hadi stima irudi.