Kuziba udhaifu wa AIDE bila kuhalalisha faili za mvamizi

AIDE ni programu ya kugundua faili zilizobadilishwa: hulinganisha faili za serva na hifadhidata iliyotengenezwa mashine ikiwa bado safi. Huifanya kazi hiyo kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), kwa hiyo udhaifu ndani yake ni mlango mpana. Kuna CVE mbili (namba rasmi za udhaifu wa programu) za kuziba sasa. CVE-2021-45417 iko katika matoleo yaliyotangulia 0.17.4: AIDE ikisoma xattrs (sifa za ziada za faili) au ACL (orodha za ruhusa) zilizotengenezwa kwa makusudi, kumbukumbu hufurika na mwenye akaunti ya kawaida anaweza kuwa root. CVE-2025-54389 ilizibwa katika 0.19.2: jina la faili lenye herufi za kuamuru skrini linaweza kujificha kwenye ripoti. Kwenye serva ya chuo au ofisi ya Lubumbashi yenye akaunti nyingi, anza kuhangaikia ile ya kwanza.

Usiamini namba ya toleo peke yake. Debian, Ubuntu na Red Hat hurudisha marekebisho kwenye matoleo ya zamani, na `aide --version` haitakuonyesha hilo. Tafuta CVE yenyewe:

`zgrep CVE /usr/share/doc/aide/changelog.Debian.gz`

Kwenye Red Hat ni `rpm -q --changelog aide | grep CVE`. Kama haimo, simamisha ukaguzi wa kila siku kwanza, maana kila ukaguzi ni nafasi nyingine kwa mshambuliaji:

`systemctl stop dailyaidecheck.timer`

Mashine inayotumia cron (kiratibu cha kazi za saa maalum), weka # mbele ya mstari wake.

Sasa sasisha AIDE peke yake:

`apt update && apt install --only-upgrade aide aide-common`

Usifanye `apt upgrade` ya mfumo mzima siku hiyo. Itabadilisha mamia ya faili, na faili moja ya mvamizi itapotea katikati yao. Ukiulizwa kuhusu faili ya usanidi, bakiza ya kwako, kisha linganisha na ile mpya yenye mwisho wa .dpkg-dist.

Serva isiyo na intaneti, au mega zikiwa chache, pakua kwenye mashine nyingine yenye toleo lilelile la Debian na usanifu uleule (`dpkg --print-architecture`) kwa `apt-get download aide aide-common`, ubebe kwa flashi. Hapa kuna mtego: `dpkg -i` haikagui sahihi kama apt. Linganisha `sha256sum` (alama ya kipekee ya yaliyomo) ya kila faili, ukiwa tayari kwenye serva, na ile inayotolewa na `apt-cache show` kwenye mashine ya kupakulia. Umeme wa SNEL ukikatika katikati ya usakinishaji, `dpkg --configure -a` humalizia kazi.

Jaribu marekebisho kabla ya kugusa hifadhidata:

`touch "$(printf '/etc/jaribio\033[2K')"`
`aide --config /etc/aide/aide.conf --check --limit /etc`

Jina zima lazima lionekane, herufi za siri zikiwa zimeandikwa wazi. Lifute faili hilo kwa `rm /etc/jaribio*`, ukihakikisha kwa `ls` kwamba hakuna lingine lenye mwanzo huo.

Inabaki sehemu inayoharibiwa na wengi. Sasisho lenyewe limebadilisha /usr/bin/aide na faili nyingine, kwa hiyo hifadhidata lazima isasishwe pia. Na chochote kilichokuwepo wakati huo kitahesabiwa kuwa halali daima. Usifanye `--check`, ukaisoma, halafu `--update` baadaye: faili linaweza kubadilika katikati. Fanya `--update` mara moja na usome ripoti yake yenyewe:

`aide --config /etc/aide/aide.conf --update > /root/ripoti.txt`
`cat -v /root/ripoti.txt | less`

Linganisha kila mstari na /var/log/apt/history.log. Binari ya AIDE, nyaraka zake, /var/lib/dpkg na usanidi vinaelezeka. Faili la setuid (linaloendeshwa kwa mamlaka ya mwenye faili) lisilo la pakiti yoyote, au badiliko katika /etc/passwd, halielezeki. Hapo usinakili kitu. Mashine ikae nje ya mtandao, iwashwe kwa flashi ya Linux safi, ikaguliwe kwa nakala ya hifadhidata iliyohifadhiwa nje, kwa sababu aliyepata root angeweza kuandika upya ile iliyo ndani.

Ripoti ikiwa safi:

`cp /var/lib/aide/aide.db.new /var/lib/aide/aide.db`

Usiunganishe `--update` na `cp` hii kwa `&&` katika skripti. AIDE hurudisha 1 kwa faili mpya, 2 kwa lililoondolewa, 4 kwa lililobadilika, na huzijumlisha. Baada ya sasisho haitarudisha 0, ambayo `&&` huingojea, na nakala haitafanyika kamwe. Pia `database_out` isielekee kwenye faili lilelile la `database_in`: umeme ukikatika katikati ya kuandika, utabaki bila hifadhidata yoyote nzima.

Peleka nakala ya aide.db kwenye mashine nyingine pamoja na sha256 yake, kisha `systemctl start dailyaidecheck.timer`.