Kamera ya chini ya barafu: namna ya kuitumia, na siku za kuiacha nyumbani

Kila Desemba, maziwa ya jimbo la Minnesota, huku Marekani, yakianza kuganda kuwa barafu, napokea simu za aina moja. "Kaka, ile kamera yako ya kutumbukiza majini inasaidia kweli? Na mimi ninunue?" Anayeuliza mara nyingi ni Mbongo mwenzangu, au Mkenya wa huku Brooklyn Park, ambaye msimu uliopita alikaa juu ya barafu akivua kutwa nzima akarudi na mafua tu. Jibu langu: inasaidia maji yakiwa maangavu, mchana, kwa samaki wanaodonoa taratibu. Nje ya hapo umenunua televisheni.

Mimi ni mtu wa Mwanza. Nimekua nikiona karabai za wavuvi wa dagaa zimetanda ziwani usiku utadhani kuna mji mwingine kule majini, kwa hiyo kumfuata samaki kwa mwanga si jambo geni kwangu. Geni lilikuwa kulitoboa ziwa kwa keekee kama fundi seremala.

Na tuanzie hapo hapo kwenye barafu, maana kamera haimwokoi mtu. Kwa kutembea kwa miguu unahitaji barafu mpya, ngumu na angavu isiyopungua sentimita 10. Gari dogo linataka kama 25. Ile nyeupe iliyochanganyika na theluji ihesabu kuwa na nusu ya nguvu, na upime mwenyewe kila unapokwenda mbele, usifuate nyayo za mtu. Uwe na leseni ya kuvua. Wakati wa barafu Minnesota inakuruhusu mishipi miwili badala ya mmoja, na hilo lina maana kwa mwenye kamera, nitakuambia.

Toboa matundu mawili, moja la mshipi na moja la kamera, yaachane kama hatua moja. Nilipoanza nilikuwa mvivu, nikawa natumbukiza vyote kwenye tundu moja. Jioni moja kwenye ziwa Mille Lacs nikanasa walai mzito, samaki wa macho ya kioo ambaye kila mtu huku anamtafuta. Alipozunguka mara mbili mshipi ukajisokota kwenye waya wa kamera, nikawa navuta samaki, waya na kamera kwa pamoja, mpaka mshipi ukakatika "tap!" na mimi nikiutazama mkia wake kwenye skrini. Rafiki yangu wa Kigoma humwita samaki huyo "wallahi", maana kila anayemkosa lazima aape. Siku ile niliapa. Tangu hapo matundu ni mawili, na nikinasa kitu kikubwa namwambia niliye naye avute kamera juu kwanza.

Shusha kamera polepole mpaka iguse chini, kisha ipandishe kama sentimita 30 na usubiri. Ukiigonga kwenye tope utatimua vumbi, na kwenye maji yaliyotulia chini ya barafu vumbi hilo halina haraka ya kutua. Halafu zungusha waya kwa vidole, taratibu, mpaka uione jigi yako, kile kirisasi chenye ndoana. Hapa wengi hukata tamaa kwa sababu kamera inajizungusha yenyewe. Dawa ni kuubana waya kwenye kijiti kilicholala juu ya tundu, na kuuwekea alama ya utepe upande ambao kamera inatazama. Jua liwe mgongoni mwa kamera, si usoni. Maji yakiwa maangavu iache mbali na chambo kiasi cha mita moja. Ikikaribia zaidi, walai huiogopa. Wale pechi wadogo wenye mistari hawana aibu hiyo, wao huja kuichungulia, na paiki, yule samaki mrefu mwenye meno, akiwa na njaa anaweza hata kuiparamia.

Sasa, kabla hujatia chambo, fanya kitu ambacho peke yake kinatosha kuirudisha pesa ya kamera. Toboa matundu kumi kwa mstari, kutoka karibu na ufuko kuelekea kilindini, na upite nayo tundu kwa tundu bila kuvua. Unatafuta mahali sakafu inapobadilika, mchanga unapokutana na tope, au jiwe pekee kwenye uwanda. Tafuta majani. Yaliyobaki ya kijani bado yanatoa oksijeni na wadudu wamo, basi na samaki wapo. Yaliyogeuka kahawia yanaoza, na kuoza kunaila oksijeni, kwa hiyo pita. Kabla ya kamera nilikuwa nakaa saa tatu juu ya tundu lisilo na samaki hata mmoja, nikijipa moyo kwamba "leo hawali".

Ukishapata mahali, kaa utazame wanavyokula, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza aibu yangu. Pechi hang'ati chambo, anakinyonya. Anakuja pua kwa pua na jigi, anasimama, mapezi yanatetemeka, kisha chambo kinaingia mdomoni na kutemwa kabla hujapepesa macho. Ukiangalia ncha ya fimbo wakati huo, imesimama kama msumari. Mara ya kwanza kuliona hilo nilihesabu pechi watano waliokinyonya na kukitema, na mkono wangu haukusikia kitu. Kwa miaka minne nilikuwa napeleka chakula tu.

Basi fanya hivi. Tumia funza mmoja badala ya watatu. Samaki akikaribia, punguza kurusharusha jigi, itingishe kidogo tu, halafu inyanyue polepole kama inamkimbia. Akiifuata, ni wako. Akisimama, na wewe simama. Chambo kikipotea mdomoni, inua mkono, usingoje kusikia. Baada ya siku chache za kutazama, jaribu kufumba macho wakati mwenzako anakuambia "ameshika!", uone kama mkono umeanza kusikia kale kauzito kadogo. Mimi sasa nasikia, na siku nyingine naiacha kamera kwenye begi na bado narudi na kitoweo.

Ule mshipi wa pili niliokuahidi: utege kwenye tundu la tatu, mbali kidogo, na kisamaki hai. Macho yako yote yatakuwa kwenye skrini, na mara nyingi samaki mkubwa wa siku hutoka kule ambako hukuwa unatazama.

Siku za kuiacha nyumbani zipo. Upper Red Lake, huko kaskazini, maji yake yana rangi ya chai ya rangi kwa sababu ya mabwawa ya mboji yanayoyalisha. Nilikwenda na kamera yangu kwa mbwembwe, nikawasha taa yake nyeupe, ikawa kama kuwasha taa kali kwenye ukungu wa Njombe: weupe mtupu. Taa za infraredi, zile za mwanga usioonekana kwa macho, hazikufika mbali pia, maana maji huumeza mwanga huo upesi. Mwenzangu aliyekuwa na sona tu, kile kifaa kinachotafuta samaki kwa sauti, alinivulia mbele ya macho. Mille Lacs ni kinyume. Tangu walipogunduliwa humo mwaka 2005 wale kome wadogo wenye milia kama ya punda milia, wanaochuja maji usiku na mchana, ziwa limezidi kung'aa, na kamera inaona mbali.

Sona ina ubora mwingine: inakuonyesha maji yote chini ya tundu, toka juu mpaka sakafuni. Kamera inatazama upande mmoja, kina kimoja. Samaki aitwaye krapi hupenda kuning'inia katikati ya maji. Unaweza kukodolea macho sakafu tupu huku kundi zima limesimama mita tatu juu ya kamera yako. Kwa hiyo mwenye pesa ya kitu kimoja namwambia anunue sona kwanza.

Jambo moja linaniudhi. Mtu akishaona kundi kwenye skrini hawezi kuondoka, anavuta na kuachia, anavuta na kuachia. Samaki aliyetolewa kina cha zaidi ya mita 9 mara nyingi kibofu chake cha hewa kimevimba, na ukimrudisha kwenye tundu hafiki mbali. Ukivua kina hicho, vua wa kula, na kiasi chako kikitimia funga mshipi.

Betri ipakate ndani ya koti mpaka ufike, baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri huinyonya. Kioo cha kamera kikiganda nje, usikikwangue kwa kucha wala kisu, kirudishe majini kitayeyuka chenyewe. Waya usiukunje ukiwa umeganda. Ukifika nyumbani uninginize bafuni ukauke kabisa, na utoe kila kipande cha jani kilichong'ang'ania, usije ukayahamishia majani hayo au wale kome wenye milia kwenye ziwa la Jumamosi ijayo.