Somo: Kuchagua jina la domeni la biashara yako, hatua kwa hatua

Wanachama, habari za kazi. Wengi mmeniuliza kuhusu kutengenezewa tovuti, na karibu wote mnaanzia kwenye rangi na picha. Tuanzie kwenye jina. Rangi utabadilisha hata mwakani, na hosti (kampuni inayokuhifadhia tovuti) utaihama ukichoka nayo. Lakini domeni ukishaichapa kwenye lebo za chupa, kwenye kadi na ubavuni mwa bajaji, kuibadilisha ni kuwapoteza watu waliokwisha kukuzoea.

Domeni ni ile anwani mtu anayoiandika kwenye simu ili akufikie, mfano nyukiwetu.co.tz. Unailipia kwa mwaka, na ukiacha kulipia inarudi sokoni.

Ninachotaka mkishike katika somo hili ni kimoja: huku kwetu jina la biashara linasafiri kwa mdomo. Mteja wa Sikonge au Urambo anaambiwa na shemeji yake kwenye simu yenye kelele. Kwa hiyo chagua jina kwa sikio kwanza, macho yafuate. (Majina ya mfano humu nimeyabuni, usikimbilie kuyasajili bila kuyatafuta.)

Hatua ya 1: Andika majina mengi

Kaa na watu wa nyumbani, andika kila linalokuja. Usichuje bado.

Hatua ya 2: Lipitishe kwenye simu

Hapa ndipo majina mengi yanapofia, na ni afadhali yafie hapa kuliko baada ya kuchapa lebo. Mpigie mtu asiyejua chochote kuhusu mpango wako. Litaje jina mara moja, usilitamke herufi moja moja. Mwambie aandike alichosikia, akutumie kwa meseji. Fanya hivyo kwa watu wa sehemu tofauti: mmoja wa kijijini Uyui, mmoja wa Kasulu, mmoja wa Dar es Salaam. Kila anayekosea anakuonyesha mteja utakayempoteza.

Utaona makosa yanajirudia. R na L zinabadilishana kwenye masikio na ndimi za wengi wetu, hivyo jina lenye "bora" litaandikwa "bola" na baadhi. Dh inageuka z, th inageuka s. Herufi zinazofuatana kama kwenye "dagaa", mmoja ataweka a moja, mwingine mbili. Kuna maneno yenye tahajia mbili zinazokubalika: miti yetu ya huku wengine wanaandika miombo, wengine miyombo, na wote wako sawa. Ukilipenda sana neno la namna hiyo, sajili tahajia zote mbili, moja uielekeze kwa nyingine. Namba nazo ni mtego: "mizinga tatu" ni 3 au ni tatu? Na kistari katikati ya jina kinaruhusiwa kiufundi, ila mtu akilisikia jina hatajua kama kipo.

Fikiria pale stesheni ya Tabora, treni ya Kigoma imesimama. Abiria ameonja asali, ameipenda, ametoa kichwa dirishani anauliza, "Nikifika nitaagizaje?" Muuzaji ana muda mfupi, honi imeshapigwa. Akisema, "Nyuki wetu doti koo doti tizedi," abiria anaondoka nalo kichwani. Akisema, "Honeyz, mwishoni kuna zedi, halafu weka kistari, halafu ti-bii-oo," mabehewa yameshaanza kusogea. Tahajia za kujipamba kwa Kiingereza zinapendeza kwenye fulana. Kwenye domeni zinakula mauzo yako, na mimi sizishauri kabisa.

Hatua ya 3: Liandike likiwa limeunganishwa

Domeni haina nafasi kati ya maneno, wala haijali herufi kubwa na ndogo. Andika jina lote kwa herufi ndogo bila kuachanisha, umpe mtu asome kwa sauti. Chukua mfano wa mtu wa Kaliua anayeuza asali. Akaandika asalikaliua. Mgeni asiyeijua wilaya hiyo atasoma "asali kali, ua." Kwa bidhaa ya kuliwa, hilo hulitaki kabisa.

Urefu nao uangalie. Kiufundi sehemu moja ya jina inabeba hadi herufi 63, lakini usiende huko. Kiswahili kina irabu karibu kila silabi, maneno yetu yanarefuka haraka. Ushirikawawafugajinyukitabora ni herufi 29, na pale kwenye "wawa" kila mtu atajikwaa. Maneno mawili mafupi yanatosha.

Hatua ya 4: Uweke mahali au bidhaa ndani ya jina?

Watu wanabishana sana hapa. Maoni yangu: weka jina la mahali pale tu ambapo mahali penyewe panauza. Asali ya Tabora watu wanaiulizia kwa jina. Dagaa na mawese ya Kigoma vivyo hivyo. Lakini fundi cherehani wa Isevya hapati faida yoyote kuandika Tabora kwenye domeni yake, na siku akipata oda za Nzega na Shinyanga jina litambana.

Lipo na suala la sheria. Jina linalotaja bidhaa na mahali tu, kama "asali ya Tabora", ni gumu kulilinda kama alama ya biashara, kwa sababu kila mrina asali wa mkoa huu ana haki ya kusema asali yake ni ya Tabora. Jina lenye neno lako mwenyewe ndani yake linalindika kirahisi zaidi. Na bidhaa zinaongezeka: leo unauza asali, kesho nta na mishumaa, keshokutwa uyoga wa porini. "Nyuki wetu" linabeba asali na nta bila shida. "Asali tu" linakufungia mlango.

Hatua ya 5: Tafuta kama lina mwenyewe

Tafuta sehemu tatu siku hiyo hiyo. Kwanza kwenye tovuti ya msajili wa domeni, yaani kampuni inayokuuzia domeni. Pili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kwenye mfumo wao wa usajili wa mtandaoni, uangalie majina ya biashara, kampuni na alama za biashara. Tatu kwenye Google, Instagram na Facebook. Kusajiliwa BRELA hakukupi domeni, na kuwa na domeni hakukupi haki ya jina BRELA. Ni milango miwili tofauti, ingia yote.

Mfano mzuri ni neno "mzinga". Mfugaji nyuki yeyote angelipenda. Lakini Shirika la Mzinga lililoko Morogoro ni la kutengeneza risasi, na mitaani "kupiga mzinga" ni kuomba omba hela. Mteja akitafuta mzinga atakutana na hayo yote kabla hajafika kwenye asali yako.

Jina la kampuni nyingine usiliguse, hata kwa kuongeza neno mbele. Duka la simu lenye jina la mtandao wa simu ndani ya domeni linaita kesi.

Na usiliweke jina kwenye kundi la WhatsApp "kuomba maoni" kabla hujalisajili.

Hatua ya 6: Chagua mkia

Mkia ni ile .com au .co.tz mwishoni. Ya Tanzania yana mgawanyo wake: .co.tz ya biashara, .or.tz ya asasi, .ac.tz ya vyuo, .sc.tz ya shule, .go.tz ya serikali, .me.tz ya mtu binafsi, na ipo .hotel.tz.

Kwa biashara ya hapa nchini mimi nashauri .co.tz. Inamwambia mteja uko nyumbani, na majina mengi mazuri ya Kiswahili bado yapo huko. Kwenye .com watu wanasajili tangu 1985, neno fupi tamu usishangae ukikuta limeshachukuliwa. Ila tahadhari: mteja akisahau tz akaandika .co peke yake, anaenda kwenye mkia wa nchi ya Colombia, kwa mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana kwenye lebo andika anwani nzima kwa herufi zinazoonekana.

Hatua ya 7: Isajili kwa jina lako wewe

Hatua hii isome mara mbili. Inaniuma kuona mtu amejenga biashara miaka, kumbe domeni ni ya fundi aliyemtengenezea tovuti. Wakikosana, au fundi akihama mji na namba ikawa haipatikani, mwenye biashara anabaki anaitazama anwani yake kwenye lebo zake mwenyewe bila uwezo wa kuigusa. Barua pepe za wateja nazo zinaenda kwa anayeishika domeni.

Kwa hiyo: akaunti ya msajili ifunguliwe kwa barua pepe yako na namba yako, sehemu ya mmiliki liandikwe jina lako au la kampuni yako, nywila uwe nayo wewe. Fundi mpe ruhusa ya kufanya kazi, umiliki ubaki kwako. Risiti itunze. Kama ni .tz, hakikisha anayekusajilia ni msajili aliyeidhinishwa.

Barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ya domeni hiyo hiyo. Domeni ikiisha muda, barua pepe yake nayo inakufa, na ujumbe wa kukukumbusha kulipa hautakufikia.

Bei uliza mbili, ya mwaka wa kwanza na ya kuhuisha. Kwa .com, bei ya jumla ambayo msajili analipa Verisign, kampuni inayoendesha .com, ilipanda hadi dola 10.26 kwa mwaka Septemba 2024. Ukiuziwa chini sana ya hapo mwaka wa kwanza, ujue fidia yake iko kwenye mwaka wa pili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (mama anayeuza asali na nta, Isevya): Mwalimu, mimi nina Instagram na WhatsApp, wateja wananipata. Domeni ya nini?

Jibu: Shikamoo mama. Ukurasa wa Instagram uko kwenye nyumba ya watu, wakiufunga leo huna pa kukata rufaa kwa haraka. Domeni unaweza kuisajili sasa hivi bila tovuti yoyote, ukaielekeza kwenye WhatsApp yako au kwenye huo huo ukurasa. Lebo inaandikwa domeni. Siku ukihamia kwingine unabadilisha unakoielekeza tu, lebo zinabaki zilezile.

Swali (kaka wa Mwanga, Kigoma): Nauza mawese na migebuka mikavu, nina wateja Bujumbura na Kalemie. Bado .co.tz?

Jibu: Kwako kaka naanza na .com kama jina lipo, maana mteja wa ng'ambo ya ziwa ataandika .com bila kufikiri. Mfuko ukiruhusu chukua na .co.tz uielekeze huko. Na jina lako lipitishe kwa mtu wa Bujumbura pia, sikio la Kirundi na la Kifaransa si la Kigoma.

Swali (mwanachama wa Ng'ambo, Tabora mjini): Kikundi chetu kina jina la mtaa. Ile alama ya ng' inakubali?

Jibu: Haikubali. Domeni za kawaida zinachukua herufi a hadi z, tarakimu na kistari, na kistari kisianze wala kisimalizie jina. Itabidi iwe ngambo, na msomaji wa mbali ataitamka anavyojua. Kama jina linasimama juu ya ng', tafuteni jingine.

Swali (kijana, Urambo): Kuna domeni za bure nilisikia, zile za .tk. Nianze na hizo?

Jibu: Hapana mdogo wangu. Zile .tk, .ml, .ga na wenzake zilikuwa zinatolewa na kampuni iitwayo Freenom. Ilishtakiwa na Meta, wenye Facebook, mwaka 2023 ikasimamisha usajili mpya, na mwaka huo huo Gabon na Mali zikachukua mikia yao. Watu waliojenga juu ya majina ya bure wakapoteza anwani. Subiri upate ada ya mwaka mmoja, ulipe.

Swali (dada wa Cheyo): Jina ninalotaka limeshachukuliwa na halina tovuti. Mwenyewe anataka dola nyingi.

Jibu: Dada, usilipe kwa hasira. Kama ulikuwa na alama ya biashara iliyosajiliwa kabla yake na amelichukua kwa nia mbaya, kwa .com upo utaratibu wa usuluhishi tangu 1999, na WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, ni mmoja wa wanaousimamia. Kama huna, amewahi tu, ni lake. Alikuwepo Mmarekani aitwaye Uzi Nissan, alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa jina la ukoo wake. Kampuni ya magari ikamshtaki mwaka 1999, kesi ikaenda miaka, na domeni ikabaki kwake. Rudi hatua ya kwanza, majina hayajaisha.

Swali (mwalimu wa shule binafsi, Kigoma): Tuchukue .co.tz au .sc.tz?

Jibu: .sc.tz, mwalimu. Mzazi anaielewa mara moja.

Swali (mwanachama wa Nzega): Nikichelewa kulipa, wanaichukua siku ileile?

Jibu: Kwa .com, wasajili wengi wanakupa muda wa kuhuisha kwa bei ya kawaida, unaweza kufika siku 45 lakini wengine wanatoa pungufu. Ukipita, zinakuja siku 30 za kuikomboa kwa faini kubwa, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu yeyote anaichukua. Kwa .tz muulize msajili wako masharti kabla hujalipa. Tovuti inaweza kuzimika tangu siku za mwanzo kabisa, kwa hiyo ukiona haifunguki, kabla hujagombana na mwenye hosti angalia tarehe ya mwisho ya domeni, na mpigie msajili siku hiyo hiyo.