Somo: Kufuata popo wala matunda, kutoka mwembe wa parseli hadi mushitu

Kila Oktoba, embe zikianza kunukia, napata ujumbe uleule: «Mwalimu, hawa popo wanatoka wapi? Na embe zikiisha wanaenda wapi?» Nimejibu mpaka nimechoka. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Somo ni la Lubumbashi na pembeni yake: Kipushi, Kasumbalesa, bonde la Kafubu. Ndugu wa Goma na Bukavu mtaazima mbinu, lakini miti yenu na miezi yenu ni mingine.

Kwanza ujue unamfuata nani. Popo mkubwa wa rangi ya nyasi kavu (Eidolon helvum), ambaye mabawa yakitandazwa hufika sentimita 75, hulala kwa makundi makubwa kwenye miti mirefu na kusafiri mbali. Wa mabega meupe (Epomophorus na jamaa zake) ni mdogo, hulala peke yake au na wenzake wachache chini ya majani mazito, na dume lake ndilo linalopiga ule mlio wa kurudiarudia unaowanyima watu usingizi. Wa tatu, Rousettus, ni wa mapangoni. Huyo ana onyo lake huko chini.

Hatua ya 1. Tafuta kaye (daftari), kalamu, saa, na bashi (turubai) kuukuu ya rangi nyepesi.

Hatua ya 2. Chagua mti wenye matunda yaliyoiva: mwembe, mpera, mtini. Omba ruhusa kwa mwenye parseli (kiwanja).

Hatua ya 3. Tandika bashi jioni, isome alfajiri kabla kuku hawajafika. Popo halimezi tunda zima. Hulitafuna, hulikandamiza kwa ulimi kwenye kaakaa, humeza maji yake, kisha hutema nyuzi zilizobanwa zikakauka kama makapi ya muwa. Hayo makapi ndiyo alama yake kubwa. Kinyesi chake ni majimaji chenye mbegu ndogondogo za tini au pera. Cha ndege huwa na doa jeupe. Ndege pia hulidonoa tunda likiwa bado limening'inia.

Hatua ya 4. Tenganisha miti mitatu. Hapa ndipo karibu kila mtu anaanguka, na kaye yangu ya kwanza iliharibika hapahapa. Unakuta makapi mengi chini ya jakaranda, unaandika «popo wanakula jakaranda». Hapana! Popo wa mabega meupe hapendi kukaa kwenye mti wenye matunda, maana ndipo wenzake wanapogombania na ndipo bundi anapovizia. Hung'oa tunda, hulibeba mdomoni, hulipeleka kwenye mti mwingine wenye giza la majani, analila huko akining'inia, kisha hurudi kuchukua jingine. Usiku kucha ni hivyo. Kwa hiyo kuna mti wa kulala mchana, mti wa kuchuma, na mti wa kulia chakula, na mara nyingi yote mitatu iko katika parseli za watu tofauti. Ndiyo maana jirani asiye na mwembe anaokota kokwa za embe uani na kuwasingizia watoto. Onyo: usiandike jina la chakula kwa kutazama mti ulio juu yako. Andika kwa kutazama kilicho kwenye bashi. Nyuzi za njano ndefu ni embe. Mbegu ngumu ndogo za rangi ya maziwa ni pera. Mbegu laini nyingi zisizohesabika ni tini. Onyo la pili: bashi safi isikufanye useme mti hautumiki. Jaribu tena matunda yakiiva zaidi, kwa sababu popo huongozwa sana na harufu.

Hatua ya 5. Jioni simama penye uwazi, tazama upande wa anga ulio na mwanga bado, hesabu wanaopita tangu jua linapozama hadi giza likuzuie. Andika wanakoelekea kwa alama unazozijua: bomba kubwa la moshi la kiwanda cha shaba, njia ya uwanja wa ndege wa Luano, mto Kafubu. Usiku wa mbalamwezi uandike peke yake, usiuchanganye na usiku wa giza.

Hatua ya 6. Rudia kila mwezi, na usibaki mjini tu. Nenda penye miombo (pori letu la miti), nenda kwenye dembo (bonde la nyasi lenye majimaji), nenda kwenye mushitu, yaani msitu mnene wa kando ya maji. Hapa ndipo jibu la swali lenu lilipo. Kiangazi miombo haina tunda la maana, lakini mitini ya kando ya mito haiivi yote kwa pamoja, kwa hiyo daima kuna mmoja wenye kitu. Wakati huohuo popo hunywa nekta ya maua, na mikalitusi ya mjini huwapa karamu. Mvua zikikaribia, matunda ya porini, masuku na mupundu, huiva, embe huiva mjini, na popo wanagawanyika. Dembo lenyewe halina kitu cha kula, wanalivuka tu. Lakini wakilivuka wanakunya wakiwa angani, tofauti na ndege wengi wanaoacha mbegu chini ya tawi walilotulia. Mtini unaouona umeota peke yake katikati ya shamba lililoachwa, au kwenye ufa wa ukuta, huenda ulipandwa hivyo. Huko Ghana watafiti walikadiria kwamba Eidolon anaweza kupeleka mbegu ndogo hadi kilomita 75.

Na wale wakubwa? Hao embe zako ni kituo tu. Kati ya Oktoba na Desemba mamilioni yao (makadirio yanayotajwa sana ni kati ya milioni 8 na 10) hukusanyika kwenye kipande kidogo cha mushitu ndani ya hifadhi ya Kasanka, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Heidi Richter na Graeme Cumming waliwafunga vifaa vya setilaiti popo wanne wa huko, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: popo walielekea kaskazini-magharibi, wakaingia Congo. Mmoja aliruka kilomita 370 kwa usiku mmoja, na safari ndefu kuliko zote ilipita kilomita 2,500 kwa siku 149. Kwa hiyo anayelinda msitu mmoja tu hajamlinda popo huyu. Anahitaji mlolongo wote, na msitu wa katikati ukikatwa kwa ajili ya makala (makaa ya kupikia), mlolongo unakatika.

Hatua ya 7. Usiguse. Popo hai, mgonjwa au mfu: usimshike kwa mkono mtupu. Makapi yageuze kwa kijiti, nawa kwa sabuni. Usiingie pangoni wala kwenye shimo la zamani la mgodi kuwatafuta Rousettus. Ndio wanaobeba virusi vya Marburg, homa kali inayoua. Durba, huko kaskazini-mashariki, kati ya 1998 na 2000, Marburg iliua watu 128, na wagonjwa wengi walikuwa wachimbaji wa dhahabu. Hesabu zote za somo hili zinafanyika nje, chini ya anga.

MASWALI

Kijana wa Ruashi: Hawa popo si wananyonya damu?

Mwandishi: Hapana. Wanyonya damu wako Amerika tu. Soma kuanzia hatua ya 3.

Papa Jo, Kampemba: Mimi nataka tu dawa ya kuwamaliza. Habari za setilaiti hazinihusu.

Mwandishi: Papa Jo, kwa heshima, dawa sitoi. Ukikata mti wa kulala, kesho watalala kwa jirani na embe zako watazila vilevile. Hatua ya 4 imeeleza kwa nini. Chuma embe zikiwa zimekomaa lakini bado ngumu, ziivie ndani ya nyumba. Yale ya chini yafunge kwa mfuko wa karatasi.

Papa Jo, Kampemba: Na ya juu?

Mwandishi: Ya juu waachie. Hata wewe hupandi huko.

Mwanafunzi, Kipushi: Mwalimu, shikamoo. Nimetandika bashi chini ya mpera wetu, nikakuta mbegu za tini, na mtaani kwetu hakuna mtini hata mmoja. Naweza kujua zilitoka umbali gani?

Mwandishi: Marahaba, mdogo wangu. Swali zuri sana. Umbali kamili hutaupata kwa bashi, lakini unaweza kuukaribia. Kwa popo chakula hupita tumboni haraka, mara nyingi ndani ya saa chache, kwa hiyo mtini huo aliula usiku uleule. Tembea kando ya vijito vyote vinavyofikika kwa miguu, weka kila mtini kwenye ramani, andika wenye matunda yaliyoiva wiki hiyo. Isiyoiva ifute. Utabaki na miti michache tu inayowezekana. Kisha jioni simama kati ya mmoja wapo na kwenu, uone kama wanapita. Jambo jingine: mbegu ulizokuta usizitupe. Zipande kwenye kopo pamoja na nyingine ulizotoa mwenyewe kwenye tunda, ulinganishe zinavyoota. Niletee majibu, nitayaweka hapa kwa jina lako ukikubali.

Kijana wa Ruashi: Lakini mbona wanasema popo haoni, anatumia sauti?

Mwandishi: Hilo nalo ni swali, asante. Popo wala matunda wana macho makubwa na wanaona vizuri gizani, na pua yao ni kali. Rousettus peke yake ndiye anayebofya kwa ulimi ili asigonge kuta za pango.

Mama Furaha, Katuba: Mwalimu, kokwa za masuku nazo zinabebwa na popo? Nauza masuku barabarani, mengine huja yakiwa na alama za meno.

Mwandishi: Mama, kokwa ya masuku ni kubwa, popo haimezi; huiangusha chini ya mti wa kulia chakula. Kwa hiyo husogea kidogo tu, haiendi mbali. Na yenye alama za meno usiuze, wala usikate sehemu iliyoliwa ukala iliyobaki. Tupa.

Mama Furaha, Katuba: Nimeelewa. Na kinyesi chao kwenye nguo zilizoanikwa usiku? Sabuni haitoi.

Mwandishi: Hiyo ni rangi ya matunda. Loweka kwenye maji baridi kwanza kabla hujaweka sabuni, maji ya moto huigandisha. Na usianike chini ya njia yao.

Papa Jo, Kampemba: Bashi hiyo mnainunua wapi? Yangu imechanika.

Mwandishi: Usinunue. Omba bango kuukuu la matangazo kwa wanaoyachapisha, upande wa nyuma ni mweupe na unaosheka.