Kukata shamba viwanja kabla mji haujakufikia

Dodoma ilipata hadhi ya jiji Aprili 2018, na sensa ya 2022 ikahesabu watu 3,085,625 mkoani, kutoka 2,083,588 wa 2012. Kwenye vijiji vya pembezoni mnunuzi sasa anafika shambani kabla ya mpimaji. Ukimkatia huyu kipande na yule kipande, wa nyuma atakosa njia, na gari la kunyonya maji taka halitamfikia.

Anza kwa afisa mipango miji wa halmashauri, si kwa dalali. Uliza kama eneo lina mchoro uliopitishwa na barabara zimechorwa wapi. Kama bado ni ardhi ya kijiji, jambo lipite kwenye halmashauri ya kijiji; muhuri wa mwenyekiti pekee hautoshi. Mke au mume aridhie kwa maandishi.

Kisha piga hesabu. Ekari ya "hatua 70 kwa 70" ni karibu mita 64 kwa 64. Wengi hugawanya mita za mraba 4,000 kwa 400, wakaahidi viwanja 10, wakasahau barabara. Acha njia ya mita 10 katikati, kila upande viwanja vinne vya mita 16 kwa 26: vinane, basi. Na hatua zenyewe hudanganya. Mwenye hatua fupi kwa sentimita 5 tu hupoteza mita 3.5 akifika ya 70, kwa hiyo tumia futi kamba hata kwa makadirio ya awali. Upana halisi wa barabara utaamuliwa na mchoro.

Makorongo ndiyo yanayoumiza zaidi. Agosti korongo ni mchanga mkavu, watu wanapaona pazuri. Januari linashusha maji ya kilima kizima. Kagua matawi ya migunga kando yake: majani makavu na mifuko iliyonasa huonyesha kimo cha mafuriko yaliyopita. Kando ya mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 zisiguswe na shughuli za kudumu.

Udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa kiangazi, hupasua na kuta. Hapo endelea kulima mtama.

Bikoni, yaani alama za mipaka za mpimaji, zikishawekwa, zungushia kila moja vijiti kabla ya kulima sehemu ambayo haijauzwa. Jembe la trekta huzing'oa, na kuzirudisha ni kumlipa mpimaji upya.