Kitasa Kikigoma, Anza na Mlango

Fungua mlango, uache wazi, kisha zungusha ufunguo. Ulimi wa kitasa ukitoka na kurudi vizuri, kitasa ni kizima; usipande daladala kwenda Kariakoo kununua kingine. Tatizo liko kwenye mlango au fremu. Ukigoma hata mlango ukiwa wazi, hapo ndipo ufunguo na kitasa vichunguzwe. Wengi huruka hatua hii, ndiyo maana kitasa kipya nacho hugoma baada ya wiki mbili.

Mlango umeshuka au umevimba

Paka chaki kwenye ncha ya ulimi, funga mlango, zungusha ufunguo mpaka ulimi uguse fremu, kisha fungua uone alama ilipo. Ikiwa chini ya tundu la bati la fremu, yaani kibati ambacho ulimi huingia ndani yake, mlango umeshuka, na kwa kawaida chanzo ni skrubu za bawaba ya juu kulegea. Dalili nyingine: ukiunyanyua mlango kidogo kwa kushika mkono wa kitasa, ufunguo unazunguka.

Usikimbilie tupa. Weka kabari chini ya mlango, chomoa skrubu za bawaba hiyo moja baada ya nyingine. Tundu lililolegea lijaze njiti za kuchokolea meno zilizopakwa gundi ya mbao, acha zikauke usiku kucha, zikate, kisha rudisha skrubu. Au weka ndefu zaidi, milimita 50 badala ya 25, zifike kwenye mbao isiyochoka. Ikibaki tofauti ya milimita moja au mbili, sasa chukua tupa, upanue tundu la bati. Ikizidi hapo, hamisha bati lenyewe.

Masika ni jambo lingine. Kuanzia Machi hadi Mei mbao hunyonya unyevu, mlango unabana fremu. Fundi akija na randa mwezi wa Aprili, mwambie arudi Julai. Akiupunguza sasa, kiangazi utakuwa na mwanya wa kupitisha mjusi. Mbao zikishakauka, paka rangi au vanishi kingo zote, hata ya juu na ya chini, ambazo mafundi wengi huziacha tupu kwa kuwa hazionekani.

Kitasa chenyewe

Jaribu ufunguo wa akiba. Ukifanya kazi, ule wa kila siku umelika. Ukienda kuchongesha, peleka wa akiba, maana mashine hunakili na ulikaji pia.

Kwa nyumba za karibu na bahari, kama Kigamboni au Msasani, chumvi na vumbi ndivyo vinavyokwamisha silinda, yaani sehemu ya kitasa ambamo ufunguo huingia. Puliza WD-40, dawa ya kopo ya kulegeza vyuma vilivyokwama, kwenye tundu, ingiza na utoe ufunguo mara kumi, ukiufuta kila unapotoka. Acha pakauke kabisa. Kisha sugua penseli laini ya 2B kwenye meno ya ufunguo, uuingize na kuuzungusha mara kadhaa. Ukiweka unga wa penseli pakiwa bado pabichi, unageuka tope. Mafuta ya kupikia na grisi visiingie kwenye silinda: hukusanya vumbi na kuganda. Grisi kidogo ibaki kwa ulimi tu.

Bado inagoma? Badilisha silinda peke yake. Fungua skrubu ndefu iliyo ubavuni mwa mlango, usawa wa tundu la ufunguo. Ingiza ufunguo, uzungushe kidogo mpaka jino la silinda, kile kijipande cha katikati kinachosukuma ulimi, lilingane na mwili wake, kisha vuta. Isipotoka, jino halijakaa sawa. Nguvu ya koleo haitasaidia. Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi kila ncha: 30 kwa 30 ni silinda ya milimita 60, 35 kwa 35 ni ya 70. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Usichukue inayochomoza sana nje, kwani mwizi ataishika kwa koleo aivunje.

Ufunguo umevunjikia ndani

Usigonge, wala usiweke gundi ya papo hapo. Kwanza rudisha tundu kwenye mkao ambao ufunguo huingilia, kwa ncha ya bisibisi ndogo. Likiwa limepinda, kipande hakitoki. Puliza WD-40. Chukua kipande chembamba cha msumeno, meno yakielekea kwako, kipenyeze kando ya meno ya ufunguo, kizungushe kidogo kinase, kisha vuta polepole.