Mashine ya boti inachemka: fuata maji kabla hujashika spana

Somo hili ni la mashine za dizeli zilizofungwa ndani ya boti na kupozwa kwa maji ya bahari, si zile za kuning'iniza nyuma. Mafundi wengi wakisikia kengele ya joto hukimbilia silinda hedi, kile kichwa cha juu cha mashine. Nami nimewahi kufungua hedi bure, nikanunua gasketi mpya kwa pesa yangu, kumbe ugonjwa ulikuwa mfuko wa rambo uliojibana kwenye tundu la maji chini ya boti. Tanzania ilipiga marufuku mifuko hiyo Juni 2019, lakini iliyokwisha kuingia baharini haikupata tangazo. Toka siku ile nafuata maji kwanza: yanaingilia wapi, yanapita wapi, yanatokea wapi.

Kengele ikilia. Punguza mwendo, weka nyutro, chungulia ekzosti. Maji yakitoka kama kawaida, iache iungurume taratibu dakika chache huku macho yakiwa kwenye geji. Ukiizima ghafla joto hunasa ndani ya hedi. Maji yasipotoka, au ukiona mvuke mtupu, zima. Ila kama mwamba uko karibu, tanguliza nanga au tanga. Mashine hununuliwa.

Mfuniko wa tangi la kulanti, yale maji ya kupozea yanayozunguka ndani ya mashine, usiuguse mpaka mashine ipoe kabisa. Wala usiimwagie ndoo ya maji baridi. Chuma cha moto hupasuka.

Hatua ya 1: maji yanaingia? Funga valvu ya bahari, ile iliyo kwenye tundu la maji chini ya boti, fungua chujio, toa mwani. Kisha chomoa paipu pale kwenye valvu, shika kizibo cha mti mkononi, fungua valvu kidogo. Maji yaruke kwa nguvu. Yakidondoka kinyonge, tundu limeziba: pulizia kwa pampu ya miguu, au mtu azame na waya. Angalia pia mpira wa mfuniko wa chujio. Chujio likiwa juu ya usawa wa maji na mpira umekauka, pampu huvuta hewa na wala hutaona tone likivuja.

Hatua ya 2: impela. Hapa ndipo ninapomaliza kesi nyingi. Valvu ikiwa imefungwa, legeza skrubu za kifuniko cha pampu. Tandika kitambaa chini, maana skrubu moja lazima itaruka iangukie ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Ndani kuna impela yenyewe, gurudumu la mpira lenye mabawa, mara nyingi sita au zaidi. Yahesabu. Halafu pinda kila bawa kwa kidole utazame shinani, mpasuko hujificha pale.

Bawa likikosekana, usifunge impela mpya ukaondoka ukipiga mluzi. Kile kipande kimekwenda mbele, kimekaa kwenye kona ya paipu au mdomoni mwa kipozeo, kile chombo chenye vijibomba ambamo maji ya bahari hupoza kulanti. Kilindoni, Mafia, niliwahi kutoa vipande vitatu kwa spoku ya baiskeli niliyoikunja ncha. Impela niliyoitoa ilikuwa imepungukiwa na bawa moja tu. Viwili vilikuwa vya impela ya kale, urithi wa fundi aliyenitangulia.

Impela mpya ipake sabuni ya kuoshea vyombo, si grisi. Grisi huharibu mpira. Na usiwashe mashine valvu ikiwa bado imefungwa. Ikizunguka kavu hata kwa muda mfupi, mabawa yanaungua.

Hatua ya 3: kipozeo na kiwiko cha ekzosti. Fungua bolti ya zinki, ile inayoliwa na maji badala ya chuma cha mashine. Ikiwa imeliwa nusu, weka nyingine. Vijibomba vya ndani vikiwa na ukoko wa chumvi, viloweke kwa siki, kisha sukuma kwa kijiti, si kwa chuma. Kiwiko kile maji yanapokutana na moshi husahaulika sana. Chumvi na masizi hushikana humo mpaka njia inabaki nyembamba kama kidole cha mtoto.

Hatua ya 4: thamostati, mlango mdogo unaofunguka kwa joto ili kulanti ipite kwenye kipozeo. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, pamoja na kipimajoto. Namba iliyochongwa juu yake ndiyo joto inaloanza kufunguka. Maji yakichemka nayo bado imefumba, tupa.

Mashine ikishapona, kinga maji ya ekzosti kwa ndoo na uhesabu sekunde mpaka ijae, mashine ikiwa mwendo uleule kila mara. Iandike ukutani karibu na mashine. Siku ikichukua muda mrefu zaidi, utajua kabla ya kengele.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Yangu inachemka nikiongeza mwendo tu, polepole haina neno.*
Marahaba. Maji yanapita, ila hayatoshi. Anza na kipozeo na kiwiko. Vyote vikiwa safi, zama utazame chini: boti iliyoota makombe, au propela iliyosokotwa na kamba ya wavu, huibebesha mashine mzigo usio wake.

*Fundi wa huku kwetu aliondoa thamostati kabisa, akasema ndiyo dawa. Kweli?*
Hapana, ndugu yangu. Mashine inayofanya kazi baridi hujaa masizi na kulika. Halafu zipo mashine ambazo thamostati ikitoka, maji hukata njia ya mkato bila kupita kwenye kipozeo, joto likazidi. Mrudie, mdai kifaa chako.

*Kulanti inapungua lakini sioni inapovuja.*
Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, usiwashe tena. Oili ikiwa safi, fungua tangi mashine ikiwa baridi, iwashe, utazame. Mapovu yasiyokoma ni dalili ya gasketi ya hedi. Pasipo mapovu, shuku kijibomba cha kipozeo kilichotoboka: kulanti yako inatoka na maji ya bahari kwa ekzosti. Hapo sasa, ndiyo, shika spana.

*Sisi tuko Mwanza, maji ya ziwa yasiyo na chumvi. Zinki nayo inahitajika?*
Kwenye maji ya ziwa zinki hulala, haifanyi kazi vizuri. Tafuta ya magnesiamu. Na chujio lifungue mara nyingi kuliko sisi wa pwani, maana magugu maji hayana adabu.